Harusini kwa ajili ya gazeti: majina kwanza, mwanga baadaye

Mpiga picha wa gazeti anayekwenda harusini Lindi au Mtwara hafanyi kazi ya yule aliyekodiwa na kamati. Yule atapeleka mamia ya picha. Mhariri anataka moja, yenye maelezo sahihi, na maelezo yakikosewa picha nzuri inageuka aibu kwa familia nzima.

Kwa hiyo chukua majina palepale, kabla watu hawajatawanyika, kutoka kushoto kwenda kulia. Mpe mtu kalamu aandike mwenyewe. Kwenye kelele za muziki ndipo L inapogeuka R. Pembeni andika nguo: "wa pili, shati la kijani". Undugu usiukisie, maana anayeitwa mama huenda ni mama mdogo. Na mjomba asikose. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, kwa desturi ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno zito kwenye ndoa ya mpwa wake. Ukimkata pembeni ya fremu, umeikata familia.

Msikitini picha yenyewe ni mikono: wa walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, umeushika wa bwana harusi wakati wa kuozesha. Ni sekunde chache tu. Omba ruhusa kwa imamu, wahi kuketi karibu na shehe, zima flashi, tumia lenzi ya milimita 35 au 50 kwenye f/2, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana, na ISO 1600, kiwango cha kamera kuhisi mwanga. Usipite mbele ya anayeswali.

Ukumbini adui ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, ikiwa 1/250 ya sekunde inakamata michirizi myeusi juu ya meza kuu. Shuka hadi 1/100. Flashi ielekeze darini kama dari ni nyeupe. Ikiwa imefunikwa vitambaa vya zambarau, mwanga unarudi na zambarau usoni mwa bibi harusi. Hapo tafuta ukuta mweupe, au funga kadi nyeupe nyuma ya flashi kwa mpira na uielekeze juu.

Ukitoka kwenye kiyoyozi kuingia joto la pwani, lenzi hushika ukungu. Acha kamera kwenye begi lililofungwa dakika 20 hadi 30. Usiifute kwa shati. Mchanga na chumvi vinakwaruza kioo.

Unyago ni jambo jingine kabisa. Mafunzo ya ndani hayapigwi picha, hata ukiruhusiwa na jamaa mmoja. Ngoja siku mwali anapotolewa, na bado muulize kungwi na wazazi. Akiwa mtoto, piga ngoma, vitenge, vigelegele vya shangazi zake. Uso wake usiende gazetini.