Kunasa uso kwa kamera nyingi: anza na taa

Wengi wanaoingia kwenye kazi ya kunasa uso wa mwigizaji kwa ajili ya animesheni hukimbilia programu. Lakini programu inachofanya ni kutafuta kitundu kilekile cha ngozi kwenye picha za kamera mbili au zaidi, kisha kukokotoa kilipo. Kamera zikikiona vibaya, hakuna kitufe cha kukuokoa.

Anza na taa. Umeme wetu Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za bei ya chini hupepesa mara 100 kwa sekunde ingawa macho hayaoni. Ukirekodi fremu 60 kwa sekunde, fremu moja hupata mwanga mwingi, inayofuata hupungukiwa, na programu hudhani shavu limetikisika. Rekodi fremu 50, au bora zaidi tafuta taa zisizopepesa. Mwanga uwe laini na utoke pande zote. Na kuwa makini na mng'ao wa jasho na mafuta, kwa sababu kila kamera huuona mahali tofauti. Kwa ngozi nyeusi jambo hili lina uzito zaidi, maana mng'ao hujitokeza sana juu ya rangi iliyokolea. Filta za polaraizi (zinazopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu) kwenye taa na kwenye lenzi, zikikingamishwa, huuondoa, ila zinakula mwanga mwingi, kwa hiyo ongeza taa.

Kamera zote zifungue shata kwa mpigo mmoja, zikiongozwa na waya wa kusawazisha muda (sync). Kupiga makofi na kupanga video baadaye hakutoshi. Piga hesabu: mdomo ukienda sentimita 10 kwa sekunde, na kamera moja ikachelewa milisekunde 10, umekosea milimita nzima. Mwambie mwigizaji atamke "baba" au "mpambe" harakaharaka uone: midomo hugusana kwa fremu chache tu, na milimita hiyo ndiyo inayotenganisha mdomo uliofumba na ulio wazi.

Ubao wa miraba wa kupimia kamera, unaoiambia programu kila kamera iko wapi, upige picha mwanzo na mwisho wa kazi. Kamera ikiguswa, hata kwa kiwiko, pima upya.

Kabla ya maneno yoyote, rekodi uso uliotulia, kisha msuli mmoja mmoja. FACS, mfumo wa kuainisha miondoko ya uso wa wanasaikolojia Ekman na Friesen, wa mwaka 1978, umeupa kila mwondoko namba: 12 ni pembe za mdomo kupanda, 6 ni shavu kuinuka chini ya jicho. Tabasamu lenye 12 bila 6 mara nyingi huonekana la kulazimisha, na mtazamaji analigundua mara moja.

Mchezo wa video wa L.A. Noire wa 2011 ulinasa nyuso kwa kamera 32, na nyuso zile bado zinanigusa. Ila mwili ulirekodiwa kando, na kwa jicho langu vichwa vingine havijakaa sawa juu ya mabega. Mpango wako ukiwa hivyo, hakikisha mwigizaji wa uso ameiona video ya mwili kabla hajakaa kitini.