Kwa mainjinia wapya wa saiti: nani amehamisha leveli?

Jumanne iliyopita nilipiga kelele saitini mpaka mama anayetupikia posho (ugali) akatoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani kuna mtu ameangukiwa na mawe. Hakuna aliyeangukiwa. Kijana wetu mpya, mwezi wa pili tangu avue joho la chuo, alikuwa ametoka kula, akainama kwenye leveli, ile darubini ya kupimia vimo, akafumba jicho moja, akaanza kuita namba. Ila leveli haikuwa pale alipoiacha saa saba. Pota (kibarua) mmoja mwenye huruma alikuwa ameisogeza kivulini isiungue na jua.

Kijana alinitazama kama mtu aliyepandwa na mashetani. Nimeona nimwandikie, yeye na wenzake watakaoshuka kwenye pikapu mwaka huu, maana nimechoka kuona kosa langu mwenyewe likirudi kila mwaka limevaa helmeti mpya.

1. Siku ya saiti inaanza jana yake. Pikapu inaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, inajulikana. Lakini ukianza kuuliza nondo za Y12 (zile za milimita 12) ziko wapi saa mbili, mapota thelathini wamesimama wanakutazama, na wote wanalipwa kwa siku. Jioni ingia stoo uhesabu saruji kwa macho yako. Usimuulize mtu wa stoo, yeye atakwambia "ipo" hata ikiwa imebaki mifuko minne na panya. Nimewahi kuona zege la nguzo likikwama katikati kwa sababu vaibreta, mashine ya kutetemesha zege lishikane, ilikosa petroli. Lita tano tu! Fundi akaanza kuchokoa zege kwa kipande cha nondo, na fomu zilipofunguliwa nguzo ilikuwa na matundu unayoweza kufugia njiwa.

Na ramani: tazama rivishoni (toleo la marekebisho) kabla ya kutazama vipimo. Ramani ya zamani hupenda kuishi kwenye simu.

2. Maji ya zege yana mwenyewe, na mwenyewe ni wewe. Pota haongezi maji kwa ubaya. Zege laini halimchoshi mgongo, na wewe uko mbali unapiga picha za WhatsApp. Mfuko wa kilo 50 kwa uwiano wa maji na saruji wa 0.5 unataka lita 25, yaani jerikeni moja na robo, na hapo bado hujatoa maji yaliyomo kwenye mchanga ulionyeshewa usiku kucha. Simama karibu na miksa. Viatu vichafuke.

Kyubu, vile vipande vya zege vya kupimia nguvu maabara, nazo zichungwe. Ziandike tarehe kwa msumari zikiwa bado mbichi, zitumbukize kwenye tangi la maji, ujue ya siku 7 ni zipi na ya siku 28 ni zipi. Kuna siku nilitafuta kyubu tatu za siku 28 saiti nzima, nikamshuku kila mtu, mpaka lori la maabara likaondoka bila mzigo. Saa saba nikaenda kula, nikazikuta jikoni. Tatu, zinalingana, milimita 150 kila upande: mafiga mazuri kuliko yote niliyowahi kuona, na sufuria ya posho imetulia juu yake. Mama akanisifia kwamba hazipasuki kama mawe ya kawaida. Sikuwa na la kumjibu. Hakuna aliyewahi kuisifia kazi yangu ya zege vile.

3. Funga leveli zako, yaani rudi kwenye alama ulikoanzia uone kama vipimo vinalingana. Hapa mnivumilie, nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza nilipelekwa kwenye barabara ya moramu (udongo wa changarawe) upande wa Tororo, mashariki mwa Uganda, kule ambako ukiinua macho tu unauona ule mwamba. Nilipewa makalavati. Siku hiyo lilikuwa kalavati la milimita 900, vipande tisa vya mita moja moja, mteremko wa asilimia mbili. Maana yake mdomo wa kutokea maji uwe chini ya ule wa kuingilia kwa sentimita 18. Mtoto wa sekondari anaweza. Asubuhi nikasimamisha leveli, nikasoma baksaiti (usomaji wa kwanza wa stafu, ile rula ndefu) 1.462 juu ya TBM, alama ya muda ya kuanzia vimo, tuliyoipa 100.000, nikapata urefu wa chombo, yaani kimo cha jicho la leveli, 101.462, nikaupigia mstari mara mbili kitabuni. Mdomo wa kuingilia 98.900, stafu isome 2.562. Pegi ikagongwa, nikajiona mtu.

Tukaenda kula. Posho, maharage, na siku hiyo palikuwa na parachichi, ndiyo maana nilikawia. Niliporudi leveli ilikuwa imesimama chini ya mwembe, kwenye ukingo ulioinuka, imefunikwa fulana safi kabisa. Pota aliyeihamisha alikuwa anatabasamu. Nikamwambia ahsante. Nakumbuka kabisa, nilimwambia ahsante! Nikaisawazisha, kiputo kikakaa katikati, nikafungua kitabu, nikauona urefu wa chombo wenye mistari miwili, nikautumia. Mdomo wa kutokea 98.720, stafu isome 2.742. Gonga pegi.

Leveli ilikuwa imepanda sentimita 32, na pegi yangu ya pili ikapanda nayo. Piga hesabu mwenyewe: badala ya kuwa chini kwa 18, mdomo wa kutokea ulikuwa juu ya ule wa kuingilia kwa 14.

Tukavuta uzi. Palikuwa na mzee mmoja fundi wa mawe, mtu wa Busia, amelaza makalavati tangu kabla sijazaliwa. Akachuchumaa, akafumba jicho, akasema taratibu, "Injinia, huu uzi unapanda." Nikamwambia ni ardhi ya pale inadanganya macho. Akasema, kwa adabu ileile, kwamba kwenye mfuko wake ana mpira wa maji wa kupimia usawa, tungepima kwa dakika tano. Wadogo zangu, jibu nililompa mpaka leo nikilikumbuka usiku navuta blanketi kichwani. Nilisema, "Mzee, hiki ni chombo cha Uswisi."

Mzee akakunja mpira wake, akaurudisha mfukoni.

Jioni TBM ilikuwa mita arobaini kutoka niliposimama. Kupeleka stafu pale na kusoma mara moja tu, ningeona 1.782 mahali nilipoandika 1.462, na hadithi ingeishia hapo. Lakini mawingu yalikuwa yamefunga upande wa Mlima Elgon na dereva alikuwa anapiga honi. Nikaandika "OK", nikafunga kitabu badala ya kufunga leveli.

Vipande vikalazwa, tukajazia, tukashindilia, moramu ikapita juu. Ikaja Aprili. Mvua mbili za kwanza maji yalipita kwa kusitasita na tope likatuama ndani ya kalavati. Mvua ya tatu ilinyesha usiku. Asubuhi tulikuta maji yamepanda barabara, yameila moramu hadi migongo ya vipande inaonekana, na upande wa juu mama mmoja amesimama ndani ya maji ya magotini katikati ya shamba lake la viazi vitamu. Hakugomba. Alinitazama kwa muda, akauliza, "Si wewe uliyekuwa unachungulia kwenye ile darubini?"

Nikasema ni mimi, mama.

"Ulikuwa unaona nini?"

Swali hilo sijalijibu. RE wetu (injinia mkazi, msimamizi wa kazi) hakupandisha sauti pia, na ingekuwa afadhali angepandisha. Alinipa kitabu changu cha leveli, akaniambia nisome ukurasa wa siku ile mbele ya watu wote, mstari kwa mstari. Nilipofika mistari ya baada ya chakula akauliza, "Baksaiti ya hapo iko wapi?" Nikageuza ukurasa, kana kwamba ilikuwa imejificha nyuma. Mzee wa Busia akatoa mpira wake. Hakusema neno. Alinipa ncha moja nishike, yeye akaenda na nyingine, na maji ndani ya mpira yakasema lile alilolisema yeye.

Tulichimbua siku tatu. Vipande viwili vilipasuka. Mama alilipwa viazi vyake, mimi sikukatwa hata shilingi, jambo ambalo liliniuma zaidi, kwa sababu mapota waliochimba mara mbili walinijua na waliendelea kuniita injinia.

Basi: chombo kikiguswa, hata kwa kiwiko, baksaiti upya. Kila jioni rudi TBM ufunge. Ile hesabu ya jumla ya baksaiti kutoa jumla ya forsaiti (usomaji wa mwisho kabla ya kuhamisha chombo) ifanye pia, ila usijidanganye, hiyo inakamata hesabu mbaya tu. Ya kwangu ingepita bila doa.

4. Moramu usiishindilie kavu. Kama bauza (lori la maji) limeharibika, sema mapema greda isitandaze, usije ukamlaumu mtu wa rola wakati vipimo vya mchanga, vile vya kupima mshindilio, vinakataa kufika asilimia 95.

5. Andika shajara siku hiyo hiyo. Mvua ilianza saa ngapi, ikaisha saa ngapi, mashine gani ilisimama. Ukiandika "mvua kubwa" peke yake hujaandika kitu. Mkandarasi akija kudai muda, na kwa mikataba ya FIDIC (mikataba ya kimataifa ya ujenzi) ana siku 28 za kutoa taarifa, kitakachoulizwa ni daftari lako, si kumbukumbu zako. Mimi huandika kwenye pikapu tukirudi, mwandiko unafanana na wa daktari, lakini upo.

6. Kuhusu kuitwa injinia. Saitini kila mwenye helmeti nyeupe ni injinia, hata mgeni aliyekuja kuuza mabati. Kuandika Eng. mbele ya jina ni mpaka ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) ikusajili, kwa hiyo jaza kitabu chako cha uzoefu kila mwezi na umfuate anayekusimamia atie sahihi. Akihamia mradi mwingine utamtafuta hadi Arua. Nilifanya hivyo, kwa basi, kwa sahihi tatu.

Kitu kingine kilikuwa cha kuwaambia kuhusu kula na mafundi badala ya kula garini, lakini nadhani mmeshakiona hapo juu.

Kijana wa Jumanne alikuja jana na kitabu chake. Alikuwa amefunga, kosa milimita 4. Nikamuuliza ya nani hiyo fulana nyeupe iliyofunika leveli. Akasema ni yake, na chini ya miguu ya tripodi amepaka alama tatu za rangi nyekundu. Sikumsifia sana, atavimba.

Kesho tunamwaga zege la hedwoli, ukuta wa mdomo wa kalavati, saa mbili. Saruji nimehesabu jioni hii, mifuko 46. Petroli ya vaibreta ipo, nimeifungia ndani ya kabati langu, mwenye kuitaka aje kwangu.