Ukitaka Seneta akusikie kuhusu sigara za kielektroniki, mpelekee kifungu

Usimwendee mbunge wala seneta na kilio peke yake. Mwendee na kifungu. Mwambie: katika mswada huu, kifungu hiki, maneno haya yabadilike yawe haya, na sababu yangu ni hii. Nimekuwa nikifuatilia suala la sigara za kielektroniki nikiwa mzazi na mwalimu wa sekondari hapa Mombasa, na katika yote tuliyojaribu na wazazi wenzangu, hilo ndilo lililotufungulia milango.

Mswada ninaouzungumzia ni ule wa Marekebisho ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku wa 2024, ulioletwa katika Seneti na Seneta Catherine Mumma. Unakusudia kuziweka sigara za kielektroniki na bidhaa nyingine za nikotini chini ya udhibiti wa sheria. Sheria tuliyo nayo ni ya 2007, na ilitungwa wakati kuvuta kulimaanisha jani, karatasi na kiberiti. Leo mwanafunzi ana kifaa kinachofanana na kalamu au flashi ya kompyuta, kina ladha ya embe, anaagiza kwa simu na wa bodaboda anamletea hadi langoni. Mwalimu aliyezoea kunusa vidole vya wanafunzi hana tena cha kunusa.

Ubongo wa kijana huendelea kukua mpaka kwenye miaka 25 hivi, na nikotini humshika akiwa bado hajajijua. Hapo ndipo penye hofu yangu. Lakini ni kweli pia kwamba mvuke wa vifaa hivi hauna sumu nyingi kama moshi wa sigara ya kawaida, ingawa nao si salama, na wako watu wazima walioachana na sigara kwa kuvitumia. Mheshimiwa mwambie yote mawili. Ukilificha lile lisilokufaa, atalisikia kwa watu wa upande wa pili, na kuanzia hapo hata la kweli ulilomwambia atalitilia shaka.

Kwa nini nahangaika na Bunge badala ya kuomba Waziri apige marufuku tu? Sisi wa Pwani tuna jibu letu karibu. Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017 kwa kanuni za Wizara ya Afya. Januari 2024 mahakama ya Shanzu ikawaachilia watu waliokuwa wamekamatwa kwa shisha, kwa sababu kanuni zile hazikuwa zimepelekwa Bungeni kuidhinishwa inavyotakiwa. Miaka yote hiyo polisi walikuwa wakikamata kwa marufuku yaliyokuwa na tundu. Sitaki tuione hali hiyo tena kwenye nikotini, ndiyo maana naona afadhali sheria iliyochelewa lakini ikapita njia zake zote.

Sasa kifungu chenyewe. Watu wengi hufungua mswada na kukimbilia adhabu: faini ni ngapi, kifungo ni miaka mingapi. Mimi nakusihi uanze na sehemu ya tafsiri, pale maneno yanapopewa maana, maana kila adhabu inayofuata inategemea pale. Sheria ya 2007 imeifunga maana ya bidhaa ya tumbaku kwenye tumbaku yenyewe. Nikotini siku hizi inaweza kutengenezwa maabara bila jani hata moja kuguswa. Basi kama tafsiri haiitaji nikotini ya maabara waziwazi, wakili hodari atasimama mahakamani aseme bidhaa ya mteja wake haimo, na atasikilizwa. Tulikwisha kuona mkanganyiko wa aina hiyo kwenye vifuko vya nikotini vya Lyft, vile vidogo vinavyowekwa mdomoni: vilikuwa vimesajiliwa kama bidhaa ya dawa, hadi 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akasema usajili ule haukufuata sheria. Ni dawa, ni tumbaku, au ni kitu cha tatu? Swali hilo lijibiwe ndani ya mswada, kwa maneno ambayo hata mwenye duka atayaelewa.

Ukishapata kifungu chako, kiandike namna kamati ya Seneti inayouchambua mswada inavyopenda kusoma. Chora jedwali la safu tatu: kifungu kilivyo, unavyopendekeza kiwe, na sababu. Kurasa mbili zatosha. Juu kabisa andika jina kamili la mswada, jina lako, unapoishi na unachofanya, kisha uelekeze barua kwa Karani wa Seneti. Ukiwa na mfano wa nchi nyingine, uweke kwenye safu ya sababu kwa sentensi moja. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, katika sheria yake ya 2014 uliweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa mililita, chupa ya kujazia isizidi mililita 10, na tangi la kifaa lisizidi mililita 2. Uingereza nayo imezuia kuuzwa kwa vile vya kutumia na kutupa kuanzia Juni 2025. Seneta hapendi kuwa wa kwanza duniani kujaribu jambo. Akiona limekwisha kufanyika mahali, hulibeba kwa ujasiri zaidi.

Na andika kwa Kiswahili kama ndiyo lugha unayojieleza vizuri. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewaona wazazi wenye hoja nzito wakikaa kimya eti Kiingereza chao hakitoshi. Ibara ya 120 ya Katiba inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Barua yako ina haki sawa na ya kampuni yenye mawakili kumi.

Tangazo la kuwaita wananchi watoe maoni hutolewa magazetini na kwenye tovuti ya Bunge, na muda huwa mfupi. Peaneni zamu ya kulitazama. Ukiona muda uliotolewa haumwezeshi mtu hata kuupata mswada na kuusoma, lalamika kwa maandishi, na hapo una silaha kubwa iliyotoka kwenye mambo haya haya ya tumbaku. Kampuni ya British American Tobacco Kenya ilizipinga kanuni za tumbaku za 2014 mpaka Mahakama ya Juu, ikidai pamoja na mengine kwamba hakukuwa na ushirikishaji wa umma wa kutosha. Ilishindwa Novemba 2019. Lakini katika hukumu ile majaji waliweka misingi ya ushirikishaji wa umma inayotajwa hadi leo: uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza wajibu tu, na watu wapewe habari na nafasi ya kutosha. Itaje hukumu hiyo kwenye barua yako.

Umwendee nani? Hapa watu hupoteza nguvu nyingi. Katika Seneti, jambo linalohusu kaunti hupigiwa kura kwa ujumbe wa kaunti, yaani maseneta wa kaunti hiyo kwa pamoja: kila kaunti kura moja, jumla 47, na anayeipiga ni kiongozi wa ujumbe, yaani seneta mliyemchagua. Maseneta walioteuliwa ni sauti muhimu kwenye kamati na kwenye mjadala, na mswada huu wenyewe umeletwa na mmoja wao, lakini kura ya Mombasa inapigwa na seneta wa Mombasa baada ya kushauriana na wenzake. Basi mlio Kilifi, shikaneni na wa Kilifi, na mlio Kisumu na wa Kisumu. Barua ishirini kutoka kaunti ishirini zina uzito kuliko mia moja kutoka Nairobi. Mswada ukivuka Seneti unakwenda Bunge la Kitaifa, na huko anza kumtafuta mbunge wako mapema, kabla haujafika mezani kwake.

Kumwona mheshimiwa kwenyewe kunataka adabu na subira. Usimvizie msibani wala harusini. Atakuitikia kwa heshima ya mahali pale, na kesho hatakumbuka. Pitia ofisi yake ya nyumbani, mjue msaidizi wake, mwachie karatasi. Kwa kawaida msaidizi huyo ndiye anayesoma na kumweleza bosi wake kwa maneno mafupi, kwa hivyo mheshimu na mweleze kila kitu kana kwamba unazungumza na seneta mwenyewe. Siku ukipewa nafasi, nendeni wachache: mzazi, mwalimu, muuguzi, na ikiwezekana kijana aliyewahi kunaswa na nikotini, mradi awe amekubali mwenyewe na wazazi wake wamekubali. Semeni jambo moja. Kisha muulize swali lenye jibu la ndiyo au la: "Mheshimiwa, utapeleka pendekezo hili mswada utakapofika Kamati ya Bunge Zima?" Hatua hiyo ndiyo ya kubadilisha vifungu kimoja kimoja, na mapendekezo hutakiwa kutolewa taarifa kabla. Ukimpa maneno yaliyokwisha kuandikwa, umempunguzia kazi.

Jambo jingine ambalo silionei haya kulirudia: sema wewe ni nani na nani amekulipia nauli. Kenya iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2004, na Ibara yake ya 5.3 inataka sera za afya zilindwe dhidi ya maslahi ya kibiashara ya sekta ya tumbaku. Hilo linawabana maafisa wa serikali. Nasi wananchi twafaa kujiwekea kipimo hicho hicho. Kama wewe unauza vifaa hivi, una haki kamili ya kutoa maoni, toa ukisema wazi kwamba unauza. Kama shirika fulani limewalipia basi na chakula, liandikeni jina lake kwenye memoranda, yaani ile barua yenu ya maoni. Ukianza kwa uwazi, unaweza kumuuliza mwenzako wa upande wa pili swali hilo hilo mbele ya kamati bila kusita.

Hoja ambayo nimeona inawagusa hata wasiojali sana afya ni ya ushuru. Tangu 2022 serikali inatoza ushuru nikotini ya majimaji ya sigara za kielektroniki, tena kwa mililita. Kwa hivyo bidhaa inajulikana, inapimwa, inaingiza fedha. Kama mililita inaweza kuhesabiwa na watu wa kodi, inaweza pia kuwekewa onyo, kikomo cha nguvu na umri wa mnunuzi.

Ukikosa kusikilizwa kote huko, Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha petisheni Bungeni. Iandike kwa lugha ya staha, useme ni hatua gani umekwisha kuchukua na kama suala liko mahakamani. Na usiwasahau wawakilishi wadi: leseni za biashara ziko mikononi mwa kaunti, na duka lililo mita chache kutoka shule lina mwenyewe na lina kibali kutoka mahali.

Baada ya kupeleka memoranda, omba nakala ya ripoti ya kamati na utafute kama pendekezo lako limetajwa, limekubaliwa au limekataliwa na kwa sababu gani. Soma Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya yaliyosemwa Bungeni, ya siku ya mjadala. Seneta akisimama kwa ajili yenu, mwandikieni shukrani na muisambaze kwenye vikundi vya wazazi, ajue kuna wanaomtazama. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na mswada wowote ambao haujakamilika Bunge hili likimaliza muda wake hufa, uanze upya na watu wapya. Kwa hivyo mwulizeni seneta wenu wiki hii mswada umefika hatua gani, na jibu lake mlipate kwa maandishi.