Maswali ya wasomaji: kibao cha kukatia cha kujitengenezea

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza habari za kibao cha jikoni: mbao ipi ifae, namna ya kuunga vipande bila vifaa vya karakana, na kwa nini kibao kilichotoka kizuri kinapasuka kabla ya mwezi kwisha. Tumeziweka pamoja kwa sababu nyingi zina mzizi mmoja. Mbao hata ikikauka na kupigwa randa bado hunywa maji na kuyatoa, na kila ikinywa hutanuka kwa upana. Makosa mengi mtakayoyasoma hapa chini yanaanzia kwenye kulisahau hilo.

Nina msumeno wa mkono, randa na msasa tu. Ninunue mbao gani, na kiasi gani? Fundi wa mtaani kwetu anasema mti wowote mgumu unafaa. (Msomaji, Morogoro)

Ndugu yetu, ugumu peke yake hautoshi. Mpingo ni mgumu kupita kiasi, na kisu kitakuwa butu kabla hujamaliza kukata mchicha. Unachotaka ni mbao ngumu kiasi, yenye vitundu vidogo, isiyo na harufu kali na isiyocheza sana ikilowa. Mninga una sifa hizo karibu zote, na kwa kutulia una wenzake wachache katika mbao zetu. Nunua kwenye duka linalotoa risiti. Angalia kingo za ubao: sehemu nyeupe ya nje ndiyo wadudu huanza kuitoboa, kwa hiyo chagua ubao wenye rangi ya kahawia mpaka ukingoni, au panga kuikata ile nyeupe.

Kwa kuwa uko Morogoro, mtiki wa Mtibwa nao hauko mbali. Unafaa, ila hutia randa ubutu upesi na una mafuta yanayosumbua gundi. Mvule pia unafaa, lakini ndani yake hutokea vijiwe vigumu vinavyoweza kung'oa meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha pua na ngozi. Funga kitambaa au barakoa. Msonobari wa paa ni laini mno. Kila kisu kitaacha mfereji. Mwembe ni mzuri ukipasuliwa mapema baada ya kuangushwa, maana ukiachwa na maganda yake wadudu huwahi kuuingia. Wenye ngozi inayodhurika na utomvu wa embe wajihadhari na vumbi lake.

Kiasi: ubao mmoja wa inchi 2 kwa 6, urefu wa futi 3. Ukiukata katikati unapata vipande viwili vya karibu sentimita 45. Ukiviunga ubavu kwa ubavu na kupiga randa, utabaki na kibao cha takribani sentimita 40 kwa 28, unene wa 4. Cha mninga kitakuwa na uzito unaokaribia kilo 3, ambao ndio unaokizuia kutembea mezani unapokata.

Kabla ya kulipa, omba wakate kipande kidogo mbele yako na ukamate unga wa msumeno kiganjani. Ukishikana kama unga wa ugali uliotiwa maji, ubao huo bado mbichi. Hata ule unaoonekana mkavu, uweke ndani ya nyumba, penye hewa na mbali na jua, uupime kwenye mizani ya jikoni kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, anza kazi. Vichwa vya ubao, yaani miisho miwili ya urefu wake, vipake rangi au nta wakati unasubiri, maana maji hutokea huko kwa haraka kuliko kwingine, na ndiko nyufa zinakoanzia.

Naweza kuunga vipande viwili vikashika kweli bila jiliwa, kile kibano cha mafundi? Nimejaribu kuvifunga kwa kamba ya manila, vikaachana nilipoosha mara ya pili. (Msomaji, Tanga)

Unaweza. Kamba yako huenda haina lawama; tunashuku mbavu na gundi.

Anza na mbavu. Pigilia kijiti mwisho wa meza ili ubao uegemee usikimbie, kisha piga randa ubavu ukifuata mwelekeo wa nyuzi. Ukiona mbao inachomoka vipande vipande badala ya kutoa maranda marefu, unakwenda kinyume na nyuzi: geuza ubao. Pima kwa guni, kile kipimo cha pembe mraba, kila hatua. Sasa simamisha kipande kimoja juu ya kingine, ubavu kwa ubavu, na uweke taa nyuma yake. Mwanga mwembamba wa unene wa karatasi katikati hauna neno, ukivibana utafunga. Mwanga kwenye ncha haukubaliki, kwa kuwa ncha ndizo hukauka na kulowa kwanza, na kiungo kitaanza kufunguka hapo. Endelea na randa mpaka ncha zikutane.

Fanya hivyo siku ileile ya kutia gundi, maana ubavu uliopigwa randa wiki iliyopita umeshaanza kupinda na kupokea vumbi. Mtiki ufute kwa kitambaa chenye spiriti, usubiri ukauke, kisha utie gundi mara moja.

Gundi nyeupe ya kawaida hulainika ikikaa kwenye maji. Tafuta kopo la gundi ya mbao lililoandikwa D3 au D4. Alama hizo ni za kipimo cha Ulaya cha kustahimili maji, na D4 hustahimili zaidi. Kwa kiungo hiki kimoja kijiko cha chai kinatosha. Paka mbavu zote mbili, utandaze kwa kipande cha kadi mpaka kusibaki doa kavu.

Jiliwa utaitengeneza mwenyewe. Chukua ubao mnene ulionyooka, utandike nailoni ili kibao kisigandie hapo. Pigilia mti wa inchi 2 kwa 2 upande mmoja. Laza vipande vyako, vikisukumwa kwenye mti huo. Upande wa pili pigilia mti mwingine, ukiacha nafasi ya sentimita 2 kati yake na kibao. Ndani ya nafasi hiyo ingiza kabari mbili mbili zinazopishana, ncha ya moja ikitazama mgongo wa nyingine, katika sehemu tatu: katikati na karibu na kila kichwa. Zigonge kwa zamu, polepole. Gundi ikitoka kwenye kiungo kama shanga ndogo zilizopangwa mstari, acha. Ikichuruzika, umepaka nyingi. Kama haitoki kabisa mahali fulani, fungua upake upya kabla haijashika.

Kabari zikibana, vipande hupenda kuinuka katikati kama paa, kwa hiyo weka debe la maji juu, na karatasi ya nailoni chini yake. Shanga za gundi usizifute kwa kitambaa cha maji. Utaisugua gundi iingie kwenye vitundu, na mafuta hayatapita hapo. Zisubiri zikauke nusu, ziwe kama jibini, uzikwangue kwa patasi. Usiguse kiungo kwa randa kabla ya saa 24.

Kusawazisha uso, randa iende kwanza mshazari, halafu ifuate nyuzi. Weka vijiti viwili vilivyonyooka kwenye vichwa vya kibao, kimoja kila kichwa, uchutame uvitazame kwa jicho moja. Visipolala sambamba, kibao kimejisokota na kitacheza mezani. Ondoa kwenye pembe mbili zilizo juu. Kisha kata vichwa, lainisha kingo, na uanze msasa: namba 80, 120, 180, 220, bila kuruka. Mikwaruzo ya namba 80 haiondolewi na 220, utachoka bure.

Hatua ambayo wengi huiruka ni ya maji. Lowesha kibao chote kwa kitambaa chenye unyevu, kiache kikauke, ukipapase: utahisi vinywele vimesimama kama ndevu za siku mbili. Hizo ni nyuzi zilizolala chini ya msasa. Zikate kwa 220, ulowanishe tena, urudie. Usipofanya hivyo sasa, zitasimama siku ya kwanza ya kuosha.

Kibao changu cha sentimita 30 kilianza kupinda, nikakipigilia vipande viwili vya mbao kwa chini, gundi na misumari. Wiki tatu baadaye kimepasuka katikati. Mbao ilikuwa mbovu? (Mama wa Kisauni, Mombasa)

Mama, mbao haikuwa mbovu. Vile vipande vya chini ndivyo vilivyoipasua. Ubao karibu haubadiliki kwa urefu, lakini kwa upana hutanuka na kusinyaa. Kibao cha sentimita 30 kinaweza kubadilika kwa milimita 2 au 3 kati ya kulowa na kukauka. Vipande ulivyovikatisha havikubali, kwa sababu urefu wao ndio uliolala juu ya upana wa kibao. Kibao kilitaka kusinyaa, kikazuiwa pande zote mbili, kikaachia penye udhaifu.

Ving'oe. Ufa usiuzibe kwa gundi na unga wa mbao: kibao kikilowa ufa utataka kufunga, utaikuta ile takataka ndani, na utapasua zaidi. Pitisha msumeno kwenye ufa wenyewe kutoka kichwa hadi kichwa, piga randa mbavu mpya, unge kama tulivyomweleza msomaji wa Tanga. Utapoteza upana wa kidole kimoja tu. Chini usipigilie kitu. Kibao chenye unene wa sentimita 4 hakihitaji mhimili.

Na kule kupinda kwa mwanzo? Tunadhani kilikuwa kikioshwa juu tu, kisha kikalazwa. Upande uliolowa hutanuka na kubenuka, ule mkavu unabonyea. Dawa yake ni kulaza upande uliobonyea juu ya kitambaa chenye unyevu kwa usiku mmoja, ukikagua asubuhi. Kikinyooka, kisimamishe kwa ubavu kikauke pande zote sawasawa.

Nilipaka mafuta ya alizeti, sasa kibao kinanata na kinanuka. Nimeambiwa nitumie parafini. Ni salama? (Msomaji, Nairobi)

Tafadhali soma hapa kwa makini, dada. Dukani ukitaja parafini unaweza kupewa mafuta ya taa, na hayo hayafai kugusa chakula. Unayoyataka yanauzwa duka la dawa, kwenye chupa iliyoandikwa Liquid Paraffin BP: ni meupe kama maji, hayana harufu, na watu huyanywa kwa kulainisha choo. Hayachachi.

Alizeti huchacha na kunata, kama ulivyoona. Mafuta ya nazi hukawia kuchacha, lakini siku moja yatafika huko. Mafuta ya kitani ya dukani yaliyoongezwa dawa ya kukausha yasiguse kibao. Mengi yana chumvi za metali, na matambara yake yakirundikwa yanaweza kuwaka yenyewe.

Kinachonata kwangua kwa msasa namba 120, uende mpaka 220. Kisha mwagia mafuta ya duka la dawa pande zote mbili, kwenye kingo, na zaidi kwenye vichwa, ambako utaona yanazama papo hapo. Acha usiku kucha, futa yaliyobaki. Rudia kila siku kwa siku nne au tano. Mwisho paka nta: gramu 50 za nta ya nyuki kwa mililita 200 za mafuta hayohayo, kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji moto. Usiweke kopo juu ya moto moja kwa moja, mchanganyiko huo unawaka. Nta huyeyuka kabla maji hayajachemka. Ikipoa inakuwa laini kama mafuta ya kujipaka. Sugua, subiri dakika 20, futa kwa kitambaa kikavu. Tone la maji likisimama juu kama lulu, umemaliza. Likisambaa na kuacha doa jeusi, ongeza.

Mbao za pale za mizigo, yale majukwaa ya kupangia shehena, zinafaa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa stendi ya maua, ndiyo. Kwa kibao cha chakula tunasema hapana. Muhuri wenye herufi HT unaonyesha mbao ilitibiwa kwa joto, MB kwa gesi ya sumu ya methili bromidi. Lakini hata HT haikuambii ni mzigo gani uliomwagikia hapo. Mbao za kijani zilizotiwa dawa ya mchwa ziepuke kabisa, hata vumbi lake, na usiziwashie jiko.

Mume wangu anataka tutupe kibao cha mbao tutumie plastiki kwa sababu ya kuku mbichi. Ana haki? (Msomaji, Dodoma)

Ana haki ya kuogopa kuku mbichi, ila plastiki haimalizi hofu hiyo. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa usalama wa chakula Dean Cliver na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walilinganisha aina hizo mbili. Bakteria waliowekwa kwenye mbao walizama ndani na hawakurudi juu kwa wingi, ilhali plastiki iliyokwishachanjwa na visu ilikuwa ngumu kusafishika. Cha muhimu ni kuwa na vibao viwili: cha nyama na kuku mbichi, na cha kachumbari, mkate na matunda. Toboeni kimojawapo tundu la kutundikia ili wote nyumbani mvitofautishe kwa kushika tu. Wakati wa kutoboa wekeni kipande cha mbao kibovu chini yake, keke isije ikang'oa nyuzi inapotokea upande wa pili.

Baada ya kuku, sabuni na maji ya moto mara moja, pande zote mbili. Mkitaka zaidi, kijiko kimoja cha mezani cha dawa ya klorini isiyo na manukato katika lita 4 za maji, kisha suuzeni. Harufu ya kitunguu na samaki huondoka kwa chumvi na nusu ya limau. Kibao kisilale kwenye beseni usiku, na kisianikwe juani: kisimame kwa ubavu kivulini, hewa ipite pande zote. Madoa meusi yakitokea karibu na vichwa, nyuzi za hapo zinabaki na maji. Msasa namba 120, kausheni siku mbili, halafu mafuta, mkianzia kwenye vichwa hivyo.