Uso wa babu uliokuja na macho ya mtu mwingine

Swali: Nina picha ya marehemu babu ya mwaka 1958, enzi akifanya kazi ya reli hapa Kigoma. Imegandia kioo cha fremu, na ukungu umekula upande mmoja wa uso. Fundi aliisafisha kwa programu ya simu, sura ikatoka safi kabisa, lakini shangazi anasema huyo si baba yake. Je, kuna programu iliyo bora zaidi? (Msomaji, Ujiji)

Jibu: Shangazi yako amesema kweli. Programu za akili bandia zinazodaiwa kurudisha sura hazirudishi kitu. Palipoliwa na ukungu hapana kilichobaki cha kurudishwa, hivyo zinakisia jicho na shavu kutokana na nyuso nyingi za watu wengine zilizofunzwa nazo. Ndiyo maana ngozi hutoka laini kama ya mtoto, na kovu au mikunjo ambayo familia ilimjulia mzee hutoweka. Naletewa kazi za namna hii kila mara, na kinachoniumiza zaidi ni kuambiwa kwamba picha ya asili imekwisha kutupwa.

Yako usiibandue, wala usiifute kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa ukungu hula jelatini inayoshika chembe za fedha zilizounda picha, na jelatini iliyoliwa huyeyuka ikiguswa na maji. Iskaniwe pamoja na kioo chake kwa nukta 1200 kwa inchi, ambapo uso wenye upana wa sentimita 1 utapata takriban nukta 470, kisha ihifadhiwe katika muundo wa TIFF, aina ya faili la picha linaloweza kutunza undani wote. Usiitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maana itabanwa na kupoteza undani wake.

Baada ya hapo GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha kwenye kompyuta, inatosha. Fundi afanye marekebisho kwenye tabaka la pembeni, yaani juu ya skani bila kuigusa yenyewe, achukue ngozi kutoka sehemu nzima ya uso huohuo, na jicho lililopotea aliazime kutoka picha nyingine ya babu. Asigeuze nusu nzima ili kuziba nusu iliyoharibika, kwa sababu mwanga uliangukia upande mmoja na hakuna uso wenye pande zinazolingana. Picha nyingine isipopatikana, doa libaki.

Kwa hiyo yeyote anayepeleka picha kwa watu wanaoahidi kuifanya mpya kwa dakika tano, adai kwanza kuona skani ambayo haijaguswa, kisha aonyeshwe kila mahali palipojazwa. Fundi asiyeweza kuonyesha hayo asiachiwe picha.