Vidole vinapauka asubuhi za Juni: je, glavu mbili zitasaidia?

SWALI: Docta, mimi ni fundi wa njia ya reli hapa Lubumbashi, mwaka wa 14 sasa. Kazi yangu kubwa ni kushika mashine ya kushindilia kokoto chini ya mataruma. Siku nyingine nakata na kusaga reli. Tangu kiangazi cha mwaka jana, asubuhi za baridi vidole vitatu vya mkono wa kushoto vinakufa ganzi na kupauka, kisha vinarudi vikiuma kama vimeungua. Kapita, msimamizi wetu, anasema nivae glavu mbili mbili. Nyumbani wanasema nimepungukiwa damu. Nimsikilize nani?

JIBU: Papa, kwa maelezo haya sidhani kwamba damu imepungua. Inazuiwa njiani. Mtetemo wa miaka mingi huifanya mishipa myembamba ya damu vidoleni iwe myepesi kujibana, na baridi kidogo tu ya Juni au Julai inatosha kuifunga. Ikifunguka, damu inarudi kwa kishindo. Ndiyo maana unahisi kuungua. Ugonjwa huu si mgeni. Mwaka 1918, daktari Alice Hamilton aliuona kwa wachonga mawe wa Bedford, Indiana, Marekani, waliotumia nyundo za hewa. Nao walilalamikia asubuhi za baridi, kama wewe.

Kwenye ngozi yetu nyeusi weupe wenyewe hujificha: kidole huonekana kama kimepakwa majivu. Tazama kucha na upande wa kiganja.

Kapita ana nia njema, lakini glavu mbili zinaweza kukuongezea shida. Glavu nene hukulazimisha kukaza mkono zaidi, na kadiri unavyokaza ndivyo mtetemo unavyopanda mkononi. Hata glavu zinazouzwa kuwa za kuzuia mtetemo hazifanyi mengi kwa mashine inayogonga polepole na kwa nguvu kama hiyo ya kokoto. Vaa moja, kavu, ya kutunza joto.

Kinachookoa mkono ni kupunguza dakika. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri achukue hatua mtetemo wa siku, uliokadiriwa kwa saa 8, ukivuka 2.5, na inakataza kupita 5 (vipimo ni mita kwa sekunde mraba). Chukua mashine inayotetemeka kwa 10: dakika 30 tu zinakufikisha kwenye 2.5, na saa 2 zinakufikisha kwenye 5. Mtetemo ukipungua nusu, muda unaongezeka mara nne. Zinahesabiwa dakika ambazo mashine inanguruma mikononi mwako. Kusubiri treni ipite hakumo. Kwa hiyo pokezaneni, na mdai chuma butu kibadilishwe na mashine iliyolegea itengenezwe. Iache ijibebe uzito wake, usiikandamize. Kama unavuta sigara, hapo ndipo nitakuwa mkali: tumbaku nayo inabana mishipa hiyohiyo.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni ganzi. Mishipa ya damu inaweza kupata nafuu ukiacha mtetemo mapema. Mishipa ya fahamu ikishaharibika, mara nyingi hairudi, hata ukistaafu. Je, unaweza kufunga vifungo vya shati bila kuangalia? Unaamka usiku ukikung'uta mkono? Ganzi ya usiku ya kidole gumba na viwili vinavyofuata, kidole kidogo kikiwa salama, huenda ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono, na huo una tiba, hata upasuaji.

Nenda hospitali hata hivyo, kwa sababu kisukari na ukoma navyo huleta ganzi. Ukoma mara nyingi huwa na baka la ngozi lisilohisi. Beba dawa zako zote. Propranolol, ambayo wengine humeza kwa ajili ya presha, inaweza kuzidisha baridi ya vidole. Usiiache mwenyewe, mwonyeshe daktari. Mwombe aandike kwenye faili aina ya mashine na miaka uliyoishika, maana CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ndiyo inayoshughulikia magonjwa ya kazi, na bila maandishi hutafika mbali.

Tena, vidole vikipauka kule kwenye reli, mwambie mwenzako avipige picha kwa simu palepale. Ukifika kwangu saa nne, jua limeshapanda na rangi imerudi, na mimi sitakuwa na cha kuona.