Chati Nane Ukutani, Kichwani Hola

Mwanangu wa Gredi ya 4 mwalimu wake asema ni mtoto wa kujifunza kwa macho. Nimembandikia chati nane chumbani, na bado swali la mmeng'enyo wa chakula limemshinda. – Mama, Kisauni

Chati nane ni pambo, mama. Wiki moja tu na mtoto hazioni tena. Bakisha moja, ya mada anayosoma sasa. Aitazame dakika tano huku akikueleza chakula kinapita wapi. Kisha ifunike kwa leso, umpe karatasi tupu achore mwenyewe: mdomo, umio, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana, na kando ya kila kiungo aandike kazi yake. Funua, asahihishe kwa kalamu nyekundu. Arudie keshokutwa, halafu wiki ijayo. Wengi huharibu kwa kumwacha anakili chati ikiwa wazi: mchoro unatoka maridadi, mama anafurahi, na kesho hakumbuki kitu. Kumbukumbu hujengwa pale anapohangaika kutafuta jibu kichwani.

Na hilo jina la "mtoto wa macho" msimpachike. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walizipitia tafiti za mitindo ya kujifunza, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo aliopewa. Picha nzuri yenye maneno machache humfaa kila mtoto darasani. Anayeambiwa yeye ni wa picha tu huanza kukwepa aya ndefu, na mtihani umejaa aya.

Kuna jaribio la mtandaoni la kujua kama mtoto ni wa macho, masikio au mikono? – Baba, Bamburi, na wengine wengi

Yapo tele. Swali hili limeshajibiwa hapa zaidi ya mara moja: usilipie hata shilingi.

Binti yangu hukosea kunakili ubaoni na hukaza macho. Nimtafutie vitabu vya picha? – Mama, Majengo

Mtafutie daktari wa macho! Huyu huenda haoni mbali. Kabla hujaenda, chora herufi E ya urefu na upana wa milimita 17, nyeusi tititi, mistari na nafasi zake zikiwa na unene ulio sawa. Mweke mita 6 kutoka hapo, penye mwanga, jicho moja limezibwa kwa kiganja bila kulibonyeza. Igeuze juu, chini, kushoto, kulia, naye aonyeshe kwa mkono meno ya E yaelekea wapi. Fanya vivyo kwa jicho la pili. Akikosea kosea hata kwa jicho moja, usichelewe. Akipatia zote bado mpeleke, maana kuna kasoro ambazo jaribio hili halizinasi. Miwani ya kuning'inizwa barabarani usimnunulie: aghalabu ni ya wazee kusomea karibu, na asiyeona mbali humzidishia ukungu.

Saba mara nane haimwingii kabisa. – Mlezi, Likoni

Chukua daftari la hesabu lenye miraba. Achore mstatili wa safu 7, kila safu miraba 8. Apige mstari chini ya safu ya tano: juu ni 5 × 8, yaani 40, chini ni 2 × 8, yaani 16. Jumla 56. Apake kila kipande rangi yake, kisha siku ya pili afanye bila miraba, kwa mchoro wa haraka tu. Ukimwacha ahesabu mraba mmoja mmoja, atabaki na kuhesabu tu, kuzidisha hatajua.

Video je, zinasaidia? – Mzazi, Nyali

Ukiisimamisha kila dakika mbili tatu na kumuuliza nini kimetokea, ndiyo. Vinginevyo ni katuni.

Wa miaka 6 nagombana naye kila asubuhi, na alasiri tena akienda chuo (madrasa). – Mama, Changamwe

Kadi tano za asubuhi: kuoga, sare, chai, mkoba, viatu. Tano nyingine za alasiri, na msahafu wake na kofia ziwemo. Achore yeye. Zining'inize usawa wa macho yake, si yako, na kila akimaliza jambo aigeuze kadi. Wewe usitaje kazi, uliza tu, "Kadi gani imebaki?"